Ukurasa wa Baba wa Binti Yule

UPEPO WA KAOLE, na Bi Mwanahawa

Jumanne nilimfuata mpwa wangu katika kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta hapa Bagamoyo. Kipindi kilikuwa kimepitiliza, nikakaribishwa nisubiri nyuma ya darasa. Nikakaa, nyongo ikanipanda.

Somo lilikuwa kutengeneza tovuti, siku ya kwanza. Vijana wametoka Dunda, Magomeni, wengine wamepanda daladala toka Kerege, na ada ni jasho la wazazi wao. Mwalimu akawaambia wapakue kiolezo kilichokwisha tengenezwa, wabadilishe jina la juu tu. Kompyuta zote zikagombea bando moja. Vijana wakakaa wanatazama kiduara kinavyozunguka. Kiolezo kilipofunguka, kilikuwa na mlima wenye theluji na Kilatini cha Cicero kilichokatwakatwa, kile cha kujazia nafasi. Binti mmoja akauliza pale aandike nini.

"Acha tu hivyo, cha muhimu mwonekano."

Hapana! Cha muhimu ni neno ulilonalo la kumwambia mwenzio. Ukurasa wa kwanza wa Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, kule CERN, uliotangazwa kwa umma mwaka 1991, ulikuwa maandishi na viungo basi. CSS, inayopaka rangi na kupanga nafasi, ilipendekezwa 1994. Hakuna fundi wa pwani hii anayeshona tanga kabla ya kulaza mkuku.

Na kosa si la vifaa. Mwalimu hakuandaa somo. Angeliandaa, angejua kwamba Notepad imo ndani ya kompyuta zile zote: unaandika kichwa cha habari na aya katika lebo zake, unahifadhi faili kwa mkia wa .html, unalifungua kwenye kivinjari. Bando la nini?

Yule binti nilizungumza naye nje. Baba yake anaunda majahazi, naye alitaka wateja waione kazi hiyo. Somo lilikuwa limekaa mbele ya mwalimu, na mwalimu hakuuliza! Binti angeandika habari za mbao, misumari na kalafati, kwa Kiswahili, na juu ya ukurasa angeweka alama ya sw ili kivinjari kijue kinasoma lugha gani. Kiolezo kile kilijitambulisha kuwa cha Kiingereza, na hakuna aliyeonyeshwa pa kubadilisha. Angeweka picha moja ya simu, aipunguze uzito, maana baba ataufungua ukurasa kwenye kisimu chake, kwa bando la jero.

Wazazi wenzangu, kabla hamjatoa ada ya mwezi ujao, mwambieni mwalimu awaandikie ukurasa mmoja mbele yenu, kwa mkono wake, tangu mstari wa kwanza. Akishindwa, rudini nyumbani na hela zenu.