Utafiti wa Tiba Upimwe Pia Wodini

Mtafiti wa tiba hupimwa kwa hesabu mbili: idadi ya makala alizochapisha na mara ambazo makala hizo zimenukuliwa na watafiti wengine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoziunganisha: mwenye kipimo cha 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Vyuo vikuu vingi huziangalia namba za namna hii katika kupandisha vyeo. Kwa mgonjwa na mkunga, hata hivyo, lipo swali kubwa zaidi: je, makala ile imebadili huduma?

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, inatupatia mfano wa kulijibu. Kati ya mwaka 2009 na 2011, wasaidizi wa utafiti walishika zamu katika chumba cha kujifungulia, wakiandika mtoto alipozaliwa alifanyiwa nini na baada ya sekunde ngapi. Makala iliyoongozwa na Dkt. Hege Ersdal, iliyotoka mwaka 2012 katika jarida la Resuscitation, ilihusu watoto 5,845. Miongoni mwa waliohitaji kupewa hewa kwa barakoa, kila sekunde 30 za kuchelewa ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Makala nyingine ya mwaka 2013 haikuwa na habari njema. Mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue yaliwawezesha wahudumu kufanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Mtafiti anayewinda sifa angeweza kuyafungia kabatini matokeo kama hayo. Haya yalichapishwa, na hospitali ikaelekea kwenye mazoezi mafupi ya mara kwa mara: dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini. Mwaka 2015 Dkt. Estomih Mduma na wenzake waliripoti kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango wa Safer Births, uliokua kutokana na kazi hiyo, ulifika katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza.

Sidharau kunukuliwa. Bila majarida, somo la Haydom lingebaki Haydom. Ila hesabu hiyo ina upofu wake. Makala hunukuliwa ili ifuatwe, ili ipingwe, au ili kujazia aya tu, na zote huhesabiwa sawa. Haimtambui muuguzi aliyekesha na saa ya kuhesabia sekunde. Wala haionyeshi kama mama wa Mbulu, ambaye taarifa za uzazi wake zimo ndani ya takwimu hizo, aliwahi kuelezwa zilisema nini.

Kwa sababu hiyo, napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila utafiti uliofanyika katika hospitali zetu uzae ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, usomwe katika kikao cha asubuhi cha wodi husika na ubandikwe mahali ambapo wagonjwa wanauona. Panapozungumzwa Kiiraqw au Kidatoga, uelezwe kwa lugha hizo pia. Pili, chuo kinapompima mhadhiri kwa ajili ya cheo, kimwombe ukurasa huo pamoja na ushahidi wa kilichobadilika katika huduma, hata kama jibu ni kwamba hakijabadilika kitu. Matokeo ya mwaka 2013 yanatufundisha kwamba jibu la namna hiyo nalo ni mali.

Wahudumu wa afya wana nafasi yao katika hili: mtafiti akija kuchukua takwimu za wodi yenu, mpangieni siku ya kuja kuwasomea matokeo. Nawe mgonjwa, unapoombwa kutia saini fomu ya ridhaa, una haki ya kuuliza majibu yatarudi lini, na kwa lugha gani.