MADINI HAYAOZI, MPUNGA UNAOZA



Katika mkutano wetu uliopita, mazungumzo ya urani yalipoanza, ndugu mmoja alisimama akauliza: "Bahi iko Dodoma, sisi tuko Kawe. Yanatuhusu nini?" Wengine walicheka, wengine wakaitikia. Tunamjibu hapa ukutani ili hata wasiohudhuria wasome.

Kwanza tuelezane Bahi ni nini. Ni bonde kubwa magharibi ya mji wa Dodoma, ambamo mto Bubu unamwaga maji yake. Wakati wa mvua panakuwa ziwa. Kiangazi maji yanakauka, inabaki mbuga ya tope na chumvi. Maji yale hayana njia ya kwenda baharini: kinachoingia humo kinakaa humo. Wananchi wa pale wanalima mpunga, wanavua samaki, wanachunga ng'ombe na kupata chumvi, kila kazi kwa majira yake.

Urani imetafutwa chini ya tope hilo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu kutoka Ujerumani Magharibi walikuwa wakiitafuta nchini. Miaka ya 2000 ikaja kampuni ya Uranex ya Australia, ikatafuta Bahi na Manyoni. Kule Manyoni urani iko karibu na uso wa ardhi, maana yake kuichimba ni kuubeba udongo wenyewe wa mbuga. Kisha mwaka 2011 ikatokea ajali ya Fukushima, Japani, na bei ya urani duniani ikaanguka. Mwaka 2014 Uranex ikabadili jina, ikaitwa Magnis, ikaelekeza nguvu kwenye madini ya kinywe kule Ruangwa.

Hapo ndipo tunapotaka muangalie. Bei ikishuka, mwenye leseni anafunga mizigo. Mwenye jaruba afunge mizigo aende wapi? Sisi wa Kawe tunalijua hili. Tanganyika Packers ilikuwa kiwanda cha nyama ya kopo, leo ni jina la uwanja. Kiwanda hufa, watu hubaki pale pale na ardhi yao.

Wapo wanaosema: "Huo ni utafiti tu, mgodi bado." Hivi jamani, kuchoronga ni kuchungulia? Mtambo unatoboa ardhi tabaka baada ya tabaka. Shimo lisipozibwa sawasawa, maji ya chumvi yanaweza kupata njia ya kuingia kwenye maji ya kisima. Udongo wenye urani unaletwa juu, na ukiachwa wazi, upepo haubagui nyumba ya mtu. Isitoshe, tangu siku mitambo inapoonekana, mkulima anaanza kuishi kwa wasiwasi: apande au asipande? Ajenge au asijenge? Hasara hiyo haiandikwi kwenye ripoti yoyote.

Na sasa dunia inataka lithiamu pia, kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme. Kule Chile, katika jangwa la Atacama, wanavuta maji ya chumvi kutoka chini ya ardhi, wanayaanika juani mpaka yakauke, ndipo wapate lithiamu. Nchi kavu, halafu maji yaanikwe! Miamba ya Hombolo, Dodoma, nayo inajulikana kuwa na lithiamu. Basi leo urani, kesho lithiamu, na anayeambiwa asogee ni yule yule mwenye jembe.

Hatusemi Taifa lisichimbe. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa, serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzinunua. Ni hatua nzuri, tunaipongeza. Lakini hisa za Taifa hazisafishi kisima cha kijiji.

Sasa, ndugu yetu uliyeuliza, sikiliza. Julai 2025 Rais alizindua mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo. Maji ya upande ule huishia Luwegu. Luwegu ikikutana na Kilombero ndiyo Rufiji, na Rufiji inaingia katika bahari hii hii wanayovua wenzetu hapa. Maji ya Bahi hayafiki Kawe, kweli. Lakini desturi ikizoeleka Bahi, ya kutoboa kwanza na kuuliza baadaye, itafika kila mahali bila kuhitaji mto.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, kwa Bahi na kwa kijiji kingine chochote:

1. Mtambo usishuke kwenye gari kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaelezwa kwa Kiswahili chepesi na kutoa kauli yake.
2. Maji ya visima yapimwe kabla na baada, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji.
3. Kila shimo lizibwe, na fedha za kuliziba ziwekwe mapema, siyo baada ya kampuni kuondoka.
4. Mazao yakiharibiwa yalipwe msimu ule ule.

Atakayesema tunachelewesha maendeleo, tunamjibu: samaki anaoza, mpunga unaoza, mtoto akinywa maji mabaya hangoji. Madini hayaozi. Yamekaa chini ya tope miaka maelfu, yanaweza kungoja mkutano mmoja wa kijiji.

Anayepinga aandike. Nafasi ipo hapo chini, na kalamu iko kwa katibu.

Kamati ya Gazeti la Ukutani,
Ushirika, Kawe.