Deni la Parokia kwa Katekista wa Kigango



Parokia ya vijijini inapotimiza miaka hamsini au mia, huchapisha kijitabu cha Jubilei. Humo zimo picha za mapadre waanzilishi, majina ya maparoko kwa mfuatano wao na mwaka kanisa lilipojengwa. Makatekista hupewa aya moja, tena mwishoni. Sisi wa Tume ya Haki na Amani twasema kwamba historia ya namna hiyo ni pungufu, na upungufu huo una mwenziwe: posho ya katekista nayo huwekwa mwisho wa bajeti, kama imewekwa.

HISTORIA YASHUHUDIA NINI?

Tangu Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni Bagamoyo mwaka 1868, Injili imefika vijijini kwa miguu ya makatekista. Padre alipita kigangoni mara chache kwa mwaka. Katekista alikaa humo. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alifundisha dini na kutibu wagonjwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa mapadre wa Kijerumani katika misioni za kusini, walioendelea kuwakusanya waamini na kufundisha sala walikuwa makatekista. Katika nchi jirani ya Uganda, Daudi Okelo na Jildo Irwa waliuawa Paimol mwaka 1918 wakiwa katika kazi hiyo hiyo. Kanisa liliwatangaza wenyeheri mwaka 2002.

Mzigo haujapungua. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, nao wajibu wa kuzitembelea ukamwangukia katekista. Ndiye aongozaye Ibada ya Neno Jumapili isiyo na padre, afundishaye wakatekumeni, awaandaaye watoto kwa Komunyo ya kwanza, azikaye wafu na kupatanisha wagombanao. Masika yakianza, jirani zake wamo mashambani, naye yuko njiani kwenda mazishini. Shamba lake hupaliliwa mwisho, na njaa huanzia nyumbani kwake.

KANISA LAFUNDISHA NINI?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965 (na. 17), uliagiza makatekista wa kudumu wapate ujira wa haki na usalama wa maisha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 231, yawapa walei waliojitoa kwa huduma maalumu haki ya malipo yanayofaa kwao na kwa familia zao, pamoja na hifadhi na matibabu. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilitukumbusha kwamba anayewahubiria watu haki yampasa kwanza kuonekana na watu hao kuwa mwenye haki. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya katekista. Huduma iliyoheshimiwa hivyo altareni haiwezi kudharauliwa kwenye daftari la mhazini.

VISINGIZIO

Wako wasemao: "Huu ni wito, si ajira." Upadre nao ni wito, wala hakuna amtakaye paroko alale njaa ili wito wake uthibitike. Bwana mwenyewe alitambua haki ya mtenda kazi kupata ujira (Lk 10:7).

Wengine husema: "Parokia yetu ni maskini." Umaskini wa wakulima twaujua: mvua hukosa, na bei ya mazao huanguka. Lakini parokia ile ile ikitaka mnara, uzio au karamu ya Jubilei, kamati huundwa, bahasha hugawanywa, na fedha hupatikana. Umaskini ulio wa wote hauwezi kubebwa na nyumba moja.

Wengine hulalamika kwamba wafadhili wa ng'ambo wamepungua. Basi hiyo ndiyo sababu ya kujitegemea. Kanisa lililokomaa huwatunza watumishi wake kwa zaka na mavuno ya waamini wake.

TUNADAI NINI?

1. Kila katekista apewe makubaliano ya maandishi yanayotaja kazi zake, posho yake na siku zake za mapumziko.
2. Posho iwe fungu la kwanza la bajeti ya parokia, ilipwe kila mwezi, na hesabu zake zisomwe mbele ya waamini.
3. Parokia imchangie katika mfuko wa hifadhi ya jamii na bima ya afya, ili uzeeni asiagwe kwa rozari na makofi tu.
4. Katekista mwanamke apate malipo sawa na mwanamume kwa kazi iliyo sawa.
5. Halmashauri ya Walei ikusanye majina ya makatekista wote wa vigango, walio hai na marehemu, wazee wayakumbukao wangali nasi.

Haya hayahitaji ruhusa kutoka mbali. Yahitaji kikao kimoja cha Halmashauri chenye nia njema.

MASWALI KWA JUMUIYA

– Katekista wetu hulipwa kiasi gani, na tangu lini?
– Alipougua mara ya mwisho, nani aligharimia dawa?
– Jumuiya yetu itaanza kutoa nini, na kuanzia mwezi gani?