Safari Hii Wasome Kitabu Mpaka Mwisho

Starship Troopers niliiona kwanza nikiwa mtoto, kwenye kibanda umiza, DVD imetiwa sauti ya mtafsiri. Mnaowakumbuka watafsiri wetu mnajua mambo yao: jamaa hatafsiri, anatunga. Askari akifungua mdomo kuomba msaada, mtafsiri anatuambia anamlilia mchumba aliyemkimbia Tandika. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nikatoka pale nikijua nimeona kichekesho cha wadudu wakubwa.

Nilipofika chuo nikakipata kitabu chenyewe. Mwandishi ni Robert Heinlein, kilitoka mwaka 1959, mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Hugo. Nikakimaliza kwa usiku mmoja. Wadudu wamo, lakini kichekesho hakuna. Ndipo nikagundua kwamba mtafsiri wetu wa kibandani hakuwa peke yake. Paul Verhoeven, mwongozaji wa filamu ile ya 1997, alishafanya kazi hiyo hiyo kabla yake: kachukua hadithi ya mtu, kaweka maneno yake.

Simsingizii, jamani. Verhoeven mwenyewe amewahi kusema kwamba alisoma sura chache za mwanzo, zikamchosha, akakiweka kando. Ed Neumeier, aliyeandika muswada wa filamu, ndiye aliyemsimulia yaliyobaki. Hata mradi wenyewe haukuanzia kwenye kitabu. Ulianza kama hadithi nyingine kabisa ya kupigana na wadudu, haki za riwaya zikaja kuchukuliwa baadaye.

Haya nayakumbusha kwa sababu Machi 2025 iliandikwa kwamba Neill Blomkamp, yule mzaliwa wa Afrika Kusini aliyetupa District 9 mwaka 2009, amepewa kuandika na kuongoza Starship Troopers mpya, na kwamba safari hii wanarudi kwenye kitabu. Washkaji zangu wapenzi wa muvi wakagawanyika. Wengine wanashangilia kwamba hatimaye tutaziona deraya. Wengine wanasema kitabu kile ni cha kifashisti, kiachwe kabatini kilipo. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili.

Nianze na watu wa deraya. Kwa ambaye hajasoma: askari wa Heinlein anavaa vazi la chuma lenye mitambo, linalomwezesha kuruka juu ya majengo na kubeba silaha ambazo leo zingehitaji gari. Filamu ya 1997 ililitupa vazi hilo lote, ikawapa vijana kofia na bunduki. Ni kweli inaudhi. Lakini angalieni vazi lile linafanya kazi gani kwenye hadithi. Linamtenga mtu. Kikosi kinatawanyika maili na maili, mwenzako humwoni, unaisikia sauti yake tu masikioni. Kitabu kinaanza na kijana anayetetemeka kabla ya kurushwa kutoka kwenye chombo cha anga, kila mmoja amefungiwa ndani ya kidonge chake. Verhoeven alituonyesha umati unaokimbia bega kwa bega kama mashabiki waliofunguliwa geti la uwanja. Blomkamp akitupa deraya zinazong'aa halafu akazipanga kwenye umati ule ule, hatakuwa amerudi kwenye kitabu. Atakuwa amenunua nguo tu.

Kuna na suala la sura ya Rico. Kwenye kitabu ni Juan Rico, na karibu na mwisho ndipo anataja, kama mtu anayetaja kitu cha kawaida, kwamba kwao wanaongea Kitagalog. Yaani ni Mfilipino. Mwaka 1959, kwenye kitabu cha Mmarekani, shujaa! Buenos Aires alikuwa mama yake tu, kwa ziara, mji ulipopigwa. Filamu ikamfanya mwana wa Buenos Aires na kumpa nafasi hiyo Casper Van Dien, mwenye taya la kwenye bango la matangazo. Mashabiki wa Verhoeven watasema ni makusudi, alitaka sura za propaganda. Sawa, nimewasikia. Bado Heinlein alikuwa amethubutu jambo ambalo Hollywood ililikimbia miaka 38 baadaye.

Sasa wale wa ufashisti, na hawa wana hoja nzito zaidi. Kwenye dunia ya Heinlein, anayepiga kura ni yule tu aliyemaliza utumishi wa serikali kuu, ambao kwenye kitabu tunauona kwa sura ya jeshi. Na kuna mwalimu, Dubois, anayelitetea jambo hilo darasani kurasa kwa kurasa.

Nakiri kitu hapa. Nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, na zile sura za depo zilinipata barabara. Sajenti Zim namjua, ila wa kwangu aliongea Kiswahili. Naijua ile raha ya kuamini kwamba wewe uliyeamshwa saa kumi alfajiri una haki kuliko aliyebaki kitandani. Nilirudi mtaani nikiwatazama wenzangu ambao hawakwenda kama watu pungufu, na iliniisha taratibu. Heinlein anaichukua raha hiyo na kuigeuza katiba ya nchi. Yeye mwenyewe alihitimu chuo cha wanamaji cha Marekani mwaka 1929, kifua kikuu kikamtoa jeshini mwaka 1934, na vitani hakuwahi kupigana. Nikisoma hotuba za Dubois naikumbuka sana hiyo.

Kwa hiyo nataka hoja yake isemwe yote. Verhoeven, aliyekulia Uholanzi chini ya majeshi ya Hitler, alikuwa na kila sababu ya kuichukia, akaamua kuikejeli: akamvika mmoja wa wahusika koti linalofanana na la Gestapo, akadhani kila mtu atauona utani. Baadhi ya wahakiki wa Marekani hawakuuona, wakamwita yeye ndiye fashisti. Sisi wa kibandani hatukuona hata koti. Huwezi kukejeli hoja ambayo mtazamaji hajawahi kuisikia.

Kuna jambo ambalo kitabuni unaweza kulipita bila kuliona: darasani kwa Dubois hakuna mwanafunzi anayemshinda. Hata mmoja! Kila anayejibu anajibu ovyo ili mwalimu apate la kusema. Weka kamera mle ndani dakika kumi, mpe mwigizaji mzuri maneno yote ya Dubois bila kupunguza, na uonyeshe sura za wale watoto wanaokosa la kusema. Mtazamaji mwenyewe atatamani kunyoosha mkono.

Wengine husema vitabu hivi ni vikubwa, haviingii kwenye filamu. Kisingizio hicho kimekwisha. Denis Villeneuve aliigawa Dune sehemu mbili, 2021 na 2024, na watu walikwenda. Ender's Game ya Gavin Hood, ya mwaka 2013, ilibeba mengi ya Orson Scott Card, lakini si umri. Ender wa kitabuni anaanza akiwa na miaka sita. Kwenye filamu ni kijana anayekaribia kubalehe, na ule uovu wa wakubwa wanaomtumia mtoto mdogo kupigana vita vyao ukapungua makali.

Ila ninayoisubiri hasa si Starship Troopers. Ni The Forever War ya Joe Haldeman, ya mwaka 1974. Haldeman alikuwa Vietnam, kikosi cha uhandisi, akajeruhiwa. Shujaa wake, Mandella, anakwenda vitani kwa vyombo vyenye kasi inayokaribia ya mwanga, kwa hiyo miezi yake ni miaka mingi ya nyumbani. Kila akirudi anakuta dunia si ile. Vita vinachukua zaidi ya miaka elfu moja na vinaishia kwa kugundulika kwamba vilianza kwa kutoelewana. Ridley Scott alitangaza mwaka 2008 kwamba ataitengeneza. Mwaka 2015 ikasemwa imekwenda Warner Bros. na Channing Tatum. Filamu haijatoka.

Ndani yake kuna sehemu ambapo Mandella anarudi mwaka 2024, anamkuta mama yake bibi kizee, na mama anaumwa. Serikali imeshaamua kwamba mtu wa umri ule hana haki ya matibabu. Anakufa. Sehemu hiyo iliachwa hadithi ilipotoka mara ya kwanza kwenye jarida la Analog, kwa kuwa mhariri aliiona inasikitisha mno. Ikarudishwa baada ya miaka mingi.

Babu yangu alikuwa vita vya Kagera, akafika mpaka ndani ya Uganda. Aliporudi alikuta foleni za sukari na sabuni, na binti yake, ambaye ni mama yangu, akamkimbia kwa kuwa hamjui. Si mtu wa kusimulia vita. Likizo iliyopita nilimsimulia mimi habari za Mandella, bila mbwembwe za mtafsiri. Akanikatiza mapema: "Na mishahara ya miaka yote hiyo walimlipa?"

Nikamwambia walimlipa, tena alitajirika. Akacheka sana. Nikaendelea mpaka kwa mama.

"Hiyo hawatengenezi," akasema.

"Kwa nini, babu?"

"Nani atoe kiingilio akaangalie hayo?"

Mhariri wa Analog aliwaza vivyo hivyo. Mimi kiingilio ningetoa, na babu ningemlipia. Kwa sasa namngoja Blomkamp. Darasa la Dubois lisikatwe, na Rico akikutana na baba yake, waongee Kitagalog walau sentensi moja.