Kumwagilia Mti Si Adhabu



Jioni moja tulimwambia binti yetu wa darasa la nne amwagilie mche wa mlimau tulioupanda nyuma ya nyumba, hapa Mpanda. Akasimama na kopo mkononi, uso umemsawijika. "Kwani nimekosa nini?"

Tulicheka, kisha kicheko kikatuishia. Skulini kwao anayechelewa huchota maji. Anayepiga kelele hufagia. Aliyefeli hesabu hufyeka majani au humwagilia miti. Na si skuli hiyo peke yake, maana hata sisi tulisoma Unguja na tulifyeka mpaka viganja vikatoka malengelenge. Basi mtoto keshalielewa somo la mazingira kuliko tunavyodhani: mti ni kifungo, maji ni mzigo wa mkosaji. Halafu ikifika tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, watoto hao hao hupangwa mstari kuwaimbia wageni nyimbo za kupenda miti.

Tunaloomba ni moja. Ndoo, jembe na mche visitumiwe kuadhibia, vitumiwe kufundishia.

Najua bibi harusi unayesoma hapa kutafuta mitindo ya shela utauliza hili linakuhusu nini. Vuta subira, mama, shela lako limo.

Tulipohamia huku Katavi na cherehani zetu, jambo lililotusumbua ni mabaki ya vitambaa. Kila wiki tunajaza gunia. Mwalimu mmoja, mteja wetu, alipoliona akatuomba vipande vya kufundishia. Tukampa vinne, kila kimoja ukubwa wa kiganja: khanga ya pamba, marekani, satini ya polista na wavu wa shela. Watoto wakaongeza ganda la ndizi na mfuko wa plastiki, ile iliyopigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar kabla ya hapo, lakini ukiutafuta mtaani huukosi.

Mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza, wakachimba shimo nyuma ya darasa, wakavizika vyote kwa mstari, kila kimoja na kijiti chake. Huku mvua ni msimu mmoja mrefu, hatuna vuli na masika kama kwetu visiwani, kwa hiyo shimo lilikaa kwenye unyevu mpaka Aprili. Kabla ya kufukia kila mtoto aliandika kwenye daftari kitakachooza mwanzo. Wengi waliandika satini. Walisema ni nyepesi na laini, haitafika mbali.

Siku ya kufukua tulialikwa. Ganda la ndizi halikuonekana hata alama. Marekani ilikuwa nyuzinyuzi, mizizi ya majani imepita katikati. Khanga ilitoboka ikawa kama chujio. Satini wakaisuuza kwa maji kidogo, ikang'aa. Wavu wa shela ukatoka mzima, kijana mmoja akajifunika nao kichwani akawa bibi harusi, darasa zima likaangua kicheko. Mfuko nao ulikuwa vile vile, ila mchafu.

Kelele zilipotulia binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo gauni la harusi la mama litaoza lini?"

Wallahi hatukuwa na jibu la kumpa. Tumeshona magauni mangapi ya satini na lesi ya polista, yanavaliwa saa sita, kisha yanaingia kabatini au jaani? Tunajua tunajiharibia biashara kusema hivi. Lakini swali lile halikutoka kwenye kitabu, lilitoka kwenye udongo uliokuwa bado uko chini ya kucha zake. Mwalimu naye hakuhubiri. Aliwauliza tu: nguo isiyooza tuifanyeje? Wakajibu wenyewe. Ipunguzwe avae mdogo. Ikodishwe. Ikatwe iwe foronya. Israfu tunayoisikia kila Ramadhani kwenye mawaidha, watoto wale, wa dini zote, waliishika kwa mikono.

Darasani humo mna watoto wengi na kitabu kimoja kwa madawati mawili. Walimu wanatuambia hawana vifaa, hawana muda, mitihani inawasubiri. Tunawaelewa. Ila shimo lile liligharimu jembe la kuazima na vipindi viwili, kimoja Novemba na kimoja Aprili. Muda wa kumfyekesha mtoto majani asubuhi nzima upo, wa kumfunulia udongo unakosekanaje?

Upande wa maji, madrasa zetu zina hazina ambayo hata skuli hazina. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji. Mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima vilivyounganishwa, haifiki lita. Mtoto huhifadhi jambo hili kwa ulimi. Sasa mwekee beseni chini ya bomba atawadhe kama anavyotawadha kila siku, kisha maji yaliyodondoka myapime pamoja kwa chupa ya lita moja. Tulijaribu nyumbani kwanza, sisi watu wazima. Chupa nne zikajaa na zaidi. Tuliangaliana kwa haya.

Na hapa Katavi kila tone lina habari yake. Mto Katuma ndio uhai wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Kabla ya kufika hifadhini maji yake yanagawanwa huko juu, kwa mashamba ya mpunga na mifugo. Kiangazi kikikolea mto hubaki vidimbwi, na viboko hujazana kwenye tope wakilaliana migongo. Watalii hupanda ndege kuja kupiga picha mrundikano ule. Mtoto wa Mpanda anayekula wali kila mchana hajaambiwa kwamba sahani yake na kiboko yule wanachota mto mmoja. Hatusemi asile wali. Tunasema apime, ajue.

Kuna jingine linalotuuma zaidi. Katika Wilaya ya Tanganyika, humu humu mkoani, vijiji vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vinalipwa fedha za kaboni, yaani hewa chafu ambayo miti ile inaihifadhi ndani yake isirudi angani. Fedha hizo zimejenga madarasa na kusaidia zahanati. Fikiria, mtoto anakaa ndani ya darasa lililojengwa na miti, kisha akikosea anapelekwa kwenye miti kuadhibiwa.

Tepu ya fundi cherehani ni pesa ndogo. Mpe mtoto apime unene wa mti wa skulini mahali panapofika kifuani, aandike kwenye ukuta wa darasa, mwakani apime tena mti ule ule. Wataalamu wa misitu nao hupima hivyo, kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Mtoto aliyeuandika mti wake miaka mitatu hatakubali uvunjwe tawi. Tepu mbili zetu ziko skulini tayari, na moja imerudi imekatika sentimita kumi za mwanzo. Haidhuru.

Kina mama, mkienda kikao cha wazazi msiulize ada na sare tu. Ulizeni adhabu za pale ni zipi. Mwalimu mkuu akisema ni kumwagilia bustani, mwambieni kwa adabu kwamba bustani ipewe darasa zima kwa zamu, mwema na mtundu, na mtundu atafutiwe dawa nyingine. Nyumbani nako tujirekebishe. Sisi tulikuwa tukimwambia mtoto, "Umevunja kikombe? Haya, kafagie uwanja." Tumeacha, ingawa ulimi bado unateleza.

Binti yetu sasa anapima mlimau kila Ijumaa baada ya kuoga. Mwezi uliopita ulizidi kidole kimoja. Wiki hii mbuzi wa jirani kala ncha, ikawa kilio.

Novemba hii shimo la pili linachimbwa, na mara hii watoto wametaka lesi, kwa sababu wamegundua ziko za pamba na za polista na kwa macho hawawezi kuzitofautisha. Bibi harusi mmoja wa mwezi ujao tumemwomba kipande cha gauni lake. Alituangalia sana, kisha akasema kateni kwenye pindo la ndani, ila akaomba siku ya kufukua na yeye aitwe.