Aliyejitakia Naye Huuguzwa

Mwanamke akijifungua kwa upasuaji, ukoo mzima unajua la kufanya. Mama mzazi hufunga safari kutoka mkoani na kikapu chake. Uji wa pilipili manga huchemka asubuhi na jioni. Mzazi hainui ndoo, hainami kufagia, na mume asiyejua bei ya nyanya hujikuta sokoni. Hesabu ya arobaini haina mjadala.

Sasa mwanamke huyohuyo, miaka michache baadaye, aende kukaza tumbo. Daktari humpasua kutoka nyonga moja hadi nyingine, huibandua ngozi hadi karibu na mbavu, hushona misuli iliyoachana, hukata ngozi iliyozidi na kukitafutia kitovu tundu jipya. Kidonda chake ni kirefu mara kadhaa kuliko kile cha uzazi. Nani anamuuguza? Mara nyingi, hakuna. Kazini ameaga likizo, nyumbani ameaga semina Arusha, na shoga mmoja aliyeambiwa ukweli ameapishwa asithubutu kufungua mdomo.

Nyuma ya siri hiyo kuna imani iliyokaa vichwani mwa wengi: aliyekwenda kwa daktari akiwa mzima atarudi akiwa mzima, na kwa kuwa haumwi, hana haja ya kuuguzwa. Wanaouza shepu mitandaoni huisema kwa lugha tamu: ingia leo, toka kesho, Jumatatu uko ofisini. Wakali wa maadili huisema kwa ukali: amejitakia mwenyewe, avumilie. Kambi hizi mbili hazipatani kwa lolote, ila hapa zimeshikana mikono. Zote zimekosea, na kosa lao limeshazika watu.

Tuanze na mtu ambaye fedha haikuwa shida yake. Novemba 2007, Donda West, mama wa mwanamuziki Kanye West, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti na kuondoa mafuta huko Los Angeles. Alikuwa na umri wa miaka 58, msomi aliyewahi kuongoza idara ya Kiingereza chuo kikuu. Alimaliza upasuaji, akapelekwa nyumbani, na kesho yake, tarehe 10, akafariki. Uchunguzi wa maiti ulitaja ugonjwa wa mishipa ya moyo pamoja na mambo kadhaa yaliyofuatia upasuaji. Haukuonyesha kwamba mpasuaji aliteleza mkono. Mwaka 2009 California ikapata sheria yenye jina lake: anayetaka upasuaji wa urembo apimwe kwanza na apewe kibali cha maandishi. Ni sheria nzuri, ila inaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Usiku wa kwanza nyumbani, na nani akeshe kando ya kitanda, haigusi.

Miaka miwili kabla ya kifo cha Donda, Oktoba 2005, Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria, alifariki nchini Hispania. Mrija wa kunyonyea mafuta ulikuwa umepotea njia tumboni, ukatoboa utumbo mpana na kujeruhi ini. Kosa lilikuwa la daktari, na mahakama ilimtia hatiani mwaka 2009. Lakini hakufia mezani. Alifariki siku mbili baadaye. Jeraha la aina hiyo huacha saa kadhaa ambazo mtu makini, anayejua anachotazama, anaweza kuuona mwili ukibadilika.

Oktoba 2024 habari ikafika Nairobi. Mwanamke mmoja aliyekwenda kuondoa mafuta katika kliniki ya mjini alizidiwa siku zilizofuata, akahamishiwa hospitali kubwa, akafariki. Baraza la madaktari la Kenya liliamuru kliniki hiyo ifungwe. Mitandaoni, badala ya watu kuuliza alikuwa chini ya uangalizi wa nani siku zile, wengi waliuliza kwa nini hakuridhika na mwili aliopewa na Mungu. Swali hilo halijawahi kumshusha mtu homa.

Utumbo uliotobolewa haupigi kelele siku ileile. Huvuja polepole, siku ya pili au ya tatu tumbo huanza kujaa, homa hupanda, mapigo ya moyo hukimbia. Mgonjwa ameshaambiwa kwamba maumivu ni ya kawaida, basi anameza dawa za kutuliza na kungoja. Mtu wa pili chumbani angeona kwamba maumivu ya jana yalikuwa yanapungua na ya leo yanazidi. Aliye peke yake, nusu usingizini kwa dawa, hana wa kulinganisha naye.

Kuna pia jambo ambalo matangazo hayaligusi kabisa. Katika aina nyingi za kunyonya mafuta, daktari hujaza chini ya ngozi maji yaliyochanganywa na dawa ya ganzi, pengine lita kadhaa. Dawa hiyo huingia kwenye damu taratibu, na kiwango chake cha juu kabisa huja baada ya saa 8 hadi 16 hivi. Aliyepasuliwa saa tatu asubuhi anafikia kilele hicho kati ya jioni na usiku wa manane, wakati mlinzi wa kliniki ameshafunga geti. Kizunguzungu, midomo kufa ganzi, masikio kuvuma: dalili hizo zinatakiwa zimkute mtu mwingine akiwa macho.

Damu kuganda miguuni ni hadithi ndefu zaidi, maana hatari yake hudumu wiki kadhaa. Dawa yake ya kwanza ni miguu yenyewe. Mgonjwa anatakiwa ainuke na kutembea tangu siku ya kwanza, ingawa aliyekazwa tumbo hutembea ameinama kwa wiki nzima au zaidi, kwa kuwa ngozi haimruhusu kunyooka. Kwa hiyo anahitaji mkono wa kushikilia. Siri haina mikono.

Halafu kuna mirija. Karibu na kinena hutokeza mirija miwili myembamba ya kutolea majimaji, na mwisho wa kila mmoja kuna kibonge cha plastiki kisichozidi limau, ambacho hubinywa ili kivute. Asubuhi na jioni kinafunguliwa, maji yanamiminwa kwenye kikombe chenye alama za mililita, yanaandikwa kwenye daftari pamoja na saa. Siku ya kwanza ni mekundu. Baadaye hugeuka ya waridi, kisha njano iliyofifia. Madaktari wengi hawaitoi mirija hadi maji yapungue chini ya mililita 30 hivi kwa siku. Sasa mfikirie mtu asiyeweza kusimama wima akifanya hesabu hiyo chooni, mlango umefungwa kwa komeo, ili wifi asione. Kibonge kikijaa damu mpya ghafla, anatakiwa apige simu mara moja. Ampigie nani, na aseme yuko wapi, wakati nyumba nzima inajua yuko Arusha? Waswahili wana maneno yao kuhusu kufunika kombe mwanaharamu apite, lakini anayefunikwa humu ni mgonjwa.

Ni haki kusema kwamba wapo waliorudi kazini ndani ya wiki na hawakupata shida. Kope za macho, kwa mfano, nyuzi zake hutolewa ndani ya wiki moja hivi na uvimbe unaweza kujificha nyuma ya miwani. Tatizo ni kuazima kalenda ya kope kuitumia kwa tumbo. Aliyekazwa tumbo huvaa nguo ya kubana kwa wiki kama 6, na muda huohuo hakatazwi ndoo tu. Hata mtoto wake wa miaka miwili hambebi. Pua huendelea kushuka uvimbe hadi mwaka. Mafuta yaliyohamishiwa makalioni, sehemu yake huyeyushwa na mwili katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo picha ya wiki ya pili inayotamba mtandaoni ni picha ya uvimbe. Ngozi nyeusi nayo ina yake: keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, huweza kuanza kuota miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga, wakati mteja ameshampa daktari nyota tano. Mwaka 2023 waliofanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki mbili za Matamoros, Mexico, walianza kuumwa kichwa wiki kadhaa baada ya kurudi makwao. Ilikuwa fangasi iliyoingia kwenye uti wa mgongo kupitia sindano ya ganzi, na baadhi yao walifariki. Kutazama kovu pekee kusingeligundua hilo.

Kwa wakali wa maadili, neno moja. Mwaka huohuo wa 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji rekebishi, zikiwemo za urembo. Kwenye foleni ya huduma kama hizo hukaa aliyepungua kilo nyingi akabaki na ngozi inayoning'inia, mwenye matiti mazito yanayomuumiza mgongo, na pia anayetaka tu kuvaa dera akaonekana. Mwili hauwatenganishi. Damu ya mwenye kutaka shepu haigandi taratibu zaidi kwa kuwa yeye kajitakia.

Chombo kinachoibeba imani hii ya uponyaji wa haraka kuliko vyote ni kifurushi cha safari. Istanbul, Dubai, popote: tiketi, hoteli, gari la kupokea uwanjani, upasuaji, na siku ya saba uko angani. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilihesabu raia wa Marekani 93 waliofariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022. Katika vifo vilivyochunguzwa kwa kina vya miaka 2019 na 2020, karibu 9 kati ya kila 10 vilitokana na mafuta au damu iliyoganda kuziba mishipa. Mafuta huua mapema, na hapo lawama kubwa ni ya chumba cha upasuaji. Damu iliyoganda hupenda kiti chembamba na miguu isiyonyooshwa.

Ushauri wa CDC ni kwamba aliyepasuliwa kifua au tumbo asipande ndege kabla ya siku 10 angalau. Kifurushi cha siku saba kimeshapitwa hapo hapo. Na aliyeongezewa makalio huambiwa asiyakalie moja kwa moja kwa wiki mbili hivi, wakati ndege ya Istanbul hadi Dar es Salaam huchukua takriban saa 7. Anayeuza kifurushi hicho aulizwe abiria wake atakaa vipi kwenye kiti hicho, na siku za nyongeza za hoteli, chakula na muuguzi ziko ukurasa gani wa bei yake.