Nyumba Ipambwe kwa Ajili ya Wanaoishi Ndani Yake

Mwezi huu nawaomba tuingie sebuleni, tukae, tuangalie nyumba zetu kwa utulivu.

Wengi wetu hapa Mwanza, tukijaliwa fedha kidogo ya kutengeneza nyumba, huanza na swali moja: "Wageni wakija wataonaje?" Ndipo tunanunua makochi makubwa yanayobanana mlangoni, mapazia mazito ya tabaka mbili, zulia la ukuta hadi ukuta, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna mtoto wa nyumba hiyo aliyewahi kuvinywea. Swali hilo si baya, maana kumkaribisha mgeni ni agizo la Bwana. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huja, hunywa chai, huondoka. Mume, watoto na wewe mwenyewe mnabaki humo mwaka mzima. Humo mnalala, humo mnaugua na humo mnapona.

Katika kazi yangu ya uuguzi, na katika zamu za kutembelea wagonjwa pamoja na akina mama wa kanisani, nimeingia nyumba nyingi, za mjini bondeni na za juu kwenye mawe. Nimekuta mtoto wa pumu akilala juu ya zulia ambalo halijatolewa nje tangu linunuliwe. Nimekuta mzee mwenye kifua katika chumba ambacho madirisha hayafunguliwi, eti vumbi lisiingie kwenye makochi. Nimekuta chandarua kimekunjwa kabatini kwa kuwa kinaharibu sura ya chumba. Wenye nyumba hizo si wazembe, la hasha! Wanazipenda nyumba zao. Ila walizipamba kwa jicho la mtu wa nje.

Fungueni 2 Wafalme sura ya 4. Mama wa Shunemu alimwona nabii Elisha akipita mara kwa mara. Akazungumza na mumewe, wakamjengea chumba kidogo cha juu. Ndani wakaweka vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa. Mama huyu alikuwa na uwezo. Angeweza kujaza chumba kile. Lakini alimfikiria mtu mwenyewe. Msafiri aliyechoka anahitaji mahali pa kulala, pa kulia, pa kuketi, na mwanga wa kumwezesha kuona. Huo ndio upambaji. Sasa mfanyie mumeo na watoto wako vile mama yule alivyomfanyia Elisha: uliza kila mmoja anahitaji nini.

Tuanze na hewa na mwanga, ambavyo havina bei. Muuguzi Florence Nightingale wa Uingereza, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliweka hewa safi mbele ya mambo mengine yote ya chumba cha mgonjwa. Aliandika pia kwamba rangi nzuri na maua husaidia mgonjwa kupona. Kwa hiyo uzuri na afya si maadui. Sisi wa pwani ya ziwa tumejaliwa upepo. Mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Angalia madirisha yako: je, kabati limeziba lile linalopokea upepo? Lihamishe. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, hewa ipite. Mapazia mazito badilisha kwa kitambaa chepesi kinachofulika nyumbani. Kitenge au khanga mbili zilizoshonwa vizuri zinatosha. Na kwa sababu ya mbu, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa makundi kama moshi, weka wavu dirishani kabla hujafikiria urembo mwingine wowote. Wavu huruhusu dirisha kubaki wazi.

Pili ni sakafu. Zulia nene hutunza vumbi, na ndani ya vumbi hilo huishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaomchokoza mwenye pumu. Mkeka wa ukindu au milala unakunjwa, unakung'utwa, unapanguswa na kuanikwa juani. Ukinunua mkeka sokoni, fedha inakwenda kwa mwanamke mwenzako aliyekaa siku nyingi akisuka ukili na kuushona. Ukichakaa hautakuwa taka ya miaka mia; utaoza na kurudi udongoni.

Ziwa nalo linatupa. Magugu maji yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Wavuvi wetu wanayajua vizuri, maana yameziba mialo na kunasa mitumbwi. Lakini jirani zetu wa Kisumu, Kenya, wamejifunza kuyakausha mabua yake na kusuka vikapu, mazulia madogo, hata viti. Anayetaka kujaribu azingatie jambo moja: mabua yakauke kabisa juani kabla ya kusukwa, la sivyo yataota ukungu. Kikapu kimoja kikubwa chenye mfuniko, kilichowekwa pembeni mwa sebule, kitameza vitu vya kuchezea vya watoto, na sebule itakuwa safi bila mtoto kufukuzwa.

Tatu, samani. Kabla hujamwita fundi akutengenezee makochi mapya, kalia yale ya zamani, yatikise. Kama mbao ni mninga au mkongo na maungio hayachezi, usiyauze kwa bei ya kutupa. Mninga hukua polepole sana. Mti uliotoa kochi lile ulichukua miaka mingi porini. Mwite fundi abadilishe sponji na kitambaa, na umwombe ashone vifuniko vya kuvulika ili uvifue. Hapa mjini kwetu jina la Makoroboi linatokana na vitaa vya mafuta vilivyotengenezwa kwa makopo na mabati chakavu. Mafundi wale walijua kwamba kitu kilichoisha kazi moja kinaweza kuanza kazi nyingine.

Nami niseme wazi kuhusu mkopo. Akina mama tunakopa katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na ni jambo jema. Lakini mkopo uende kwenye kitu kitakachorudisha fedha: mtaji wa dagaa, cherehani, kuku. Kochi halirudishi hata shilingi. Nimekaa na mama aliyepandwa na presha kwa deni la sebule. Kila akikaa kwenye makochi yale aliona siku ya marejesho. Starehe gani hiyo? Kwanza weka fedha kidogo kidogo, kisha ununue kwa furaha.

Nne, kuta. Rangi nyeupe au ya maziwa hueneza mwanga, na chumba kidogo huonekana kikubwa. Ukinunua rangi, uliza dukani kama haina madini ya risasi, na usome kopo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na risasi hudhuru ubongo wake. Rangi kuukuu inayobanduka usiiache mtoto akaitia mdomoni. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, na watoto wakae mbali mpaka umemaliza kufagia na kupangusa.

Juu ya kuta hizo, weka mambo yenu. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Utaona mitungi, vibuyu na vigoda, na watu wanatoka ng'ambo kuja kuvitazama. Sisi tunavitupa vya bibi zetu na kununua maua ya plastiki yanayokusanya vumbi. Wapo wenzetu wanaohofu kwamba vitu hivyo ni vya mizimu. Dada yangu, kibuyu kilichosukia maziwa ni chombo cha maziwa. Kioshe, kikaushe, kitundike, na umweleze mtoto jina la bibi aliyekitumia. Picha ya ndoa yenu, kitambaa alichofuma mama yako, mchoro wa mtoto wa darasa la pili uliowekwa kwenye fremu ya mbao: vitu hivi jirani hawezi kuvinunua, na mtoto akiviona anajua kwamba yeye ni wa nyumba hii. Maua halisi pia ni mema, yapandwe kwenye makopo ya rangi yaliyosafishwa na kutobolewa chini. Ila maji yasituame kwenye visahani, maana mbu hutaga humo.

Mwisho ni chumba cha kulala, ambacho aghalabu hupewa masalio kwa kuwa mgeni hakioni. Mimi ningekitanguliza. Chandarua chenye dawa kiwe sehemu ya pambo lenyewe. Mwombe seremala aweke nguzo nne kwenye kitanda, kining'inie vizuri. Asubuhi kikusanye ukifunge kwa utepe wa kitenge kinachofanana na mapazia. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida, ukianike kivulini, kwani jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Usikikate kuwa pazia, wala usikiazime kwa kuanikia dagaa. Mtoto anayelala ndani yake ni wa thamani kuliko kabati la vioo.

Basi Jumamosi hii, kabla hujatoa hata senti, kaa na jamaa yako. Muulize mumeo: ni wapi katika nyumba hii unapumzika kweli? Waulize watoto: ni wapi mnafanya kazi za shule, na je, mnaona vizuri? Mama mkwe kama anaishi nanyi, muulize kama kiti chake kinamwezesha kuinuka bila kushikwa mkono. Andika majibu yao. Orodha hiyo ndiyo mpango wenu wa kupamba nyumba, na huenda jambo la kwanza likawa kuhamisha meza tu, kuisogeza dirishani.

Mgeni atakapokuja, atakuta watu wenye afya, wanaocheka, wasio na deni. Atatandikiwa mkeka, atapewa chai katika vikombe vile vya kabatini, na hatataka kuondoka haraka. Bwana azibariki nyumba zenu na wote wanaolala ndani yake.